Mzigo Utokao Angani na Haki ya Jirani

Katika kusafirisha bidhaa hapana sehemu iliyo ngumu kuliko ile ya mwisho. Meli moja huchukua maelfu ya makasha, na gari kubwa huleta shehena nzima mpaka ghalani. Lakini kutoka ghalani hadi mlangoni pa mnunuzi, kila furushi lataka njia yake, mtu wake na saa yake. Safari hiyo fupi hula fedha na wakati, nayo ndiyo iliyowafanya wafanya biashara wa miji mikubwa waelekeze macho yao angani, kwenye ndege ndogo zisizo na rubani, ziitwazo droni.

Yafaa basi tuitazame habari ya mji mmoja uliokwisha kulijaribu jambo hili, ili tupate mazingatio kabla halijatufikia milangoni petu. Mji huo ni Canberra, mji mkuu wa Australia. Katika mwaka 2018 kampuni ya Wing, ambayo ni ndugu wa Google chini ya kampuni kuu ya Alphabet, ilianza majaribio ya kupeleka vifurushi katika mtaa wa Bonython. Ndege zake zilikwenda kwa nguvu ya betri, zikiwa na uzito wa kilo 5 hivi, na mzigo wa kila moja haukupita kilo 1.2 hivi. Mnunuzi aliagiza kwa simu kahawa, chakula au dawa ndogo ndogo. Ndege ikaruka, ikasimama hewani juu ya kiwanja chake, kisha ikauteremsha mzigo kwa kamba bila ya yenyewe kugusa ardhi. Yote hayo yalikuwa ni kazi ya dakika chache, na hapana shaka kwamba ni ufundi wa kustaajabisha.

Lakini haukupita muda mrefu ila wenyeji wengi walianza kulalamika. Walisema kwamba mvumo mkali wa ndege hizo wawaudhi, wanyama wao wafadhaika, na faragha ya nyumba zao imeingiliwa. Hapa ndipo lilipo fundo la maneno yetu. Aliyeagiza kahawa alipata kahawa yake, na kampuni ikapata biashara yake. Ama jirani, ambaye hakuagiza kitu wala hakuulizwa, yeye alipata makelele. Tena droni moja huenda na haja ya nyumba moja. Wakiagiza watu 100, ndege hupita mara 100 juu ya vichwa vya wasioagiza.

Kwa insafu yapasa kusema kwamba malalamiko hayo hayakupuuzwa. Kampuni ilitengeneza ndege yenye sauti ndogo zaidi. Mwezi wa Aprili 2019 mamlaka ya anga iliruhusu biashara hiyo katika mitaa mingine ya Canberra, ila kwa masharti: ndege ziruke mchana tu, na zisipite juu ya mikusanyiko ya watu. Katika mwaka huo huo baraza la kutunga sheria la jimbo hilo nalo likafanya uchunguzi wake. Mwaka 2021 kunguru waliokuwa katika majira ya kutaga walizishambulia droni hizo, hata safari za mtaa mmoja zikasimamishwa. Na mwaka 2023 kampuni iliacha kazi yake mjini Canberra.

Huenda msomaji akauliza: Je, ndege hizi ni shari tupu? La, hasha. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege za kampuni ya Zipline zimepeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, zikiidondosha kwa mwavuli. Na hapa kwetu, mwaka 2018 ilitangazwa habari ya majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 zilikatwa kwa wastani wa dakika 40, ilhali njia ya nchi kavu ni kilomita 240 na yachukua saa 6. Mzazi anayetokwa na damu hawezi kuingoja barabara. Chombo ni cha namna moja. Kilichotofautiana ni haja.

Basi hiyo ndiyo mizani ya kupimia. Mahali penye haja kubwa na njia ngumu, manufaa huushinda udhia. Ama mjini, ambako duka li hatua chache na nyumba zimebanana, udhia waweza kuyashinda manufaa. Na sisi tunayo zaidi ya kuzingatia. Wazee wetu wa Lamu na Unguja walizijenga nyumba kwa kuta nene na ua wa ndani, ili watu wa nyumbani wakae kwa sitara. Kuta hizo humzuia mpita njia. Hazikizuii kipitacho juu. Nyingi katika droni hubeba kamera za kuziongoza, na hata kama hazikukusudia kupeleleza, mwenye ua anayo haki ya kujua zinaona nini, na picha zake huwekwa wapi.

Kwa hiyo vijana wetu na waujifunze ufundi huu, kwani anayekijua chombo ndiye awezaye kukiwekea mipaka. Na viongozi wa miji na waweke kanuni za saa, njia na sauti mapema, kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Ama sisi wenye nyumba, kabla ya kuagiza tujiulize: Je, haja hii haiwezi kungoja? Na je, jirani yangu ameridhika?