Unyevu Unaofunga Mpaka

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani Namanga. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, likiwemo la kila shehena kuwa na cheti kinachothibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Huku kwetu Tanzania wengi walilichukulia kama ugomvi wa kibiashara. Mimi nawaelewa Wakenya. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 walifariki. Nasi mwaka 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo hiyo.

Hao walikula sumu nyingi kwa mkupuo. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka yuko hatarini kupata saratani ya ini. Moto wa jikoni hauiondoi. Kukoboa huipunguza, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye kiini na ganda, ila pumba tunawapa ng'ombe na sumu inaturudia kwenye maziwa.

Kuvu huanzia shambani, hasa ukame unapoyakuta mahindi yakiwa yanabeba. Kinacholinenepesha ni unyevu baada ya mavuno. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mkulima asiye na kipimo anaweza kuchukua chupa kavu ya kioo, akatia punje na chumvi kavu, akatikisa, kisha akaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi kwenye turubai. Isipoganda, ameepuka hatari kubwa, ingawa chupa haitoshi kuthibitisha hiyo 13.5.

Lakini kwa nini aanike zaidi? Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na sisikii likizungumzwa vya kutosha. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, linabaki na kilo 95 hivi. Mnunuzi anayekuja shambani na mizani hapimi unyevu, na bei ni ile ile kwa kilo. Aliyekausha vizuri amepoteza fedha za kilo 5, na jirani yake aliyeuza mabichi amepata zaidi. Kisha magunia ya wote wawili yanamwagwa kwenye lori moja. Sumu haisambai sawasawa. Punje chache zilizooza zinatosha kuangusha shehena nzima, na mwenye mahindi safi anaadhibiwa pamoja na wenzake.

Kipimo cha mpakani kinachelewa mno. Ningependa kipimo cha unyevu kiwe kwenye ghala la kila chama cha ushirika, na bei ya mahindi makavu ipande walau kufidia hizo kilo zilizopotea. Aflasafe, kuvu lisilo na sumu linalorushwa shambani ili kulinyima nafasi lile lenye sumu, imesajiliwa Kenya na Tanzania, nayo inasaidia. Hata hivyo, mkulima hawezi kuinunua msimu baada ya msimu ikiwa mahindi yake salama yanauzwa kwa bei ya mahindi yoyote.