Kuzalisha samaki wa mapambo wa Maziwa Makuu nyumbani: Yafahamu maji, uzazi na asili yao

Sato anayeuzwa sokoni na samaki mdogo wa rangi ya samawati anayeogelea katika tangi la kioo sebuleni ni ndugu wa familia moja, ambayo wataalamu huiita sikilidi. Familia hiyo imeenea katika maji baridi ya Afrika, lakini aina zake ni nyingi zaidi katika maziwa matatu ambayo Tanzania inayachangia na majirani zake, yaani Victoria, Tanganyika na Nyasa. Kila ziwa lina mamia ya aina, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Kwa miongo kadhaa samaki hao wamekuwa wakifugwa Ulaya, Asia na Marekani kwa ajili ya uzuri wao, na nchini pia wapo wananchi wanaowafuga nyumbani. Makala hii inaeleza namna ya kuwazalisha bila kupoteza asili yao. Suala hilo la asili wafugaji wengi hulifikiria mwisho, ilhali likishaharibika halirekebishiki.

Maji kwanza, samaki baadaye

Maji ya Ziwa Tanganyika yana ualikali mkubwa, kipimo chake cha pH kikiwa kati ya 8.6 na 9.2. Ya Ziwa Nyasa huwa kati ya 7.8 na 8.6. Joto linalowafaa samaki wa maziwa yote mawili ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Mfugaji anapaswa kuyapima maji ya nyumbani kwake kabla ya kununua samaki, na iwapo pH ni ndogo, vipande vya mawe ya chokaa vikiwekwa ndani ya chujio huipandisha taratibu. Matumbawe hai yasichukuliwe baharini kwa kazi hiyo.

Tangi jipya halifai kuwekwa samaki siku hiyohiyo. Kinyesi cha samaki na masalia ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaostawi ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka kiasi cha kutosha. Katika kipindi hicho mfugaji awashe chujio na kutia chembe chache za chakula kila siku ili bakteria wapate riziki, huku tangi likiwa halina samaki.

Mfugaji wa sikilidi ana sababu ya kuwa mvumilivu kuliko wafugaji wengine. Katika maji ya nyuzi 26 yenye pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH ya 8 hufika takriban asilimia 6, na katika pH ya 9 huzidi theluthi moja. Hivyo uchafu ambao samaki wa maji yenye pH ndogo wangeuvumilia unaweza kuua tangi zima la samaki wa Tanganyika kwa usiku mmoja. Ndiyo maana inashauriwa kubadili robo ya maji kila wiki, kutolisha kupita kiasi, na kuwa na pampu ya hewa inayotumia betri kwa ajili ya saa ambazo umeme hukatika. Maji ya bomba yaondolewe klorini kabla ya kutumika.

Malezi ya kinywani

Anayeanza anaweza kuchagua samaki wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kama Neolamprologus multifasciatus. Hawazidi sentimita 5, tangi la lita 60 huwatosha, na jike hutaga mayai ndani ya kombe lake bila msaada wa mtu. Vifaranga hutoka wenyewe na kukua miongoni mwa wakubwa wao.

Mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wanahitaji nafasi kubwa zaidi. Tangi lisipungue lita 200, na dume mmoja awe na majike watatu au wanne, kwa kuwa jike akiwa peke yake hufukuzwa na dume hadi afe. Mawe ya kujificha yakae juu ya sakafu ya tangi moja kwa moja, si juu ya mchanga, kwani samaki hawa huchimba na jiwe likiporomoka hupasua kioo. Mbuna wengi, na vilevile Tropheus wa Tanganyika, ni walaji wa mwani wenye utumbo mrefu. Wakilishwa nyama huvimba tumbo na kufa.

Uzazi wao ni wa kustaajabisha. Jike hutaga mayai machache juu ya jiwe, akageuka na kuyaokota kwa kinywa. Dume ana madoa yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini. Jike anapoyaendea madoa hayo kwa kinywa, hupokea mbegu za dume na mayai hurutubishwa humohumo. Kwa takriban wiki 3 hadi 4 jike wa mbuna huwabeba watoto kinywani bila kula. Karibu na siku ya 18 ahamishiwe kwa utulivu kwenye tangi dogo, kwani akishtuliwa huweza kuwatema kabla ya wakati. Akishawaachia, apewe siku kadhaa za kula na kupata nguvu kabla ya kurudishwa kwa wenzake. Vifaranga walishwe chakula kilichosagwa laini, kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku.

Kuchanganya aina

Sikilidi wengi wa maziwa haya wametengana kiasi kwamba aina mbili hupishana kwa rangi tu, na bado zina uwezo wa kuzaana. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza, kutokana na utafiti wao kuhusu furu wa Ziwa Victoria, kwamba majike huchagua dume kwa kutazama rangi. Maji yanapokuwa machafu na mwanga kufifia, uchaguzi huo huvurugika na aina huchanganyika. Katika tangi hali ni mbaya zaidi, maana jike asiye na dume wa aina yake humkubali aliyepo. Vifaranga chotara huuzwa, huzaa tena, na baada ya vizazi viwili hakuna anayejua walikotoka.

Hata aina moja hutofautiana kutoka pwani moja hadi nyingine. Tropheus wa Ikola, mkoani Katavi, ana mkanda mpana wa njano ambao jamaa zake wengi wa maeneo mengine ya ziwa hawana. Kila kundi lifugwe peke yake, na mfugaji aandike mahali lilipovuliwa na tarehe ya kila uzao.

Uzito wa jambo hili unaonekana Ziwa Victoria. Baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na maji kuchafuka, inakadiriwa kuwa takriban aina 200 za furu zilitoweka. Baadhi ya aina adimu zimeendelea kuzalishwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Ngege, aliyekuwa kitoweo kikuu cha wakazi wa kando ya ziwa hilo, naye alisukumwa na sato aliyeletwa kutoka maji mengine, na palipo na aina zote mbili huzaa machotara.

Kwa sababu hiyo, samaki wa tangini asimwagwe ziwani, mtoni wala bwawani, hata kama ni wa asili ya ziwa hilohilo, kwa kuwa anaweza kubeba magonjwa au damu ya aina nyingine. Vifaranga wa ziada wapewe wafugaji wengine pamoja na kumbukumbu zao. Anayekusudia kuvua samaki hao ziwani, kuwauza au kuwasafirisha nje ya nchi anatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na aanze kwa kumwona Afisa Uvuvi wa halmashauri yake.