Unga Mweupe wa Bradford

Bradford ni mji wa Uingereza, na zamani ulisifika kwa viwanda vyake vya sufu. Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, 1858, watoto na watu wazima wa mji ule walikufa kwa kula peremende.

Siku zile sukari ilikuwa ghali. Kwa hiyo watengenezaji wa peremende walikuwa na desturi ya kuichanganya na unga mweupe wa jasi. Ulikuwa ni udanganyifu, lakini haukuua mtu. Basi mtengenezaji mmoja, jina lake Joseph Neal, alimtuma mtu kwa muuza dawa aitwaye Charles Hodgson ili alete unga huo. Hodgson alikuwa mgonjwa kitandani. Akamwambia mtumishi wake kwamba unga umo ndani ya pipa, pembeni darini. Mtumishi akapanda, akaona pipa lenye unga mweupe, akapima ratli 12. Kumbe ule ulikuwa arseniki, sumu ya kuulia panya.

Peremende zikatengenezwa. Aliyezitengeneza akashikwa na ugonjwa, wala hakuna aliyetafuta sababu. Muuzaji wa sokoni, William Hardaker, aliona kwamba rangi yake si ile ya siku zote, akapunguziwa bei. Akaonja, akaugua yeye mwenyewe. Hata hivyo Jumamosi ile jioni zikauzwa. Watu kama 20 wakafa, na zaidi ya 200 wakaugua. Vifo vya kwanza vilidhaniwa kuwa vya kipindupindu.

Ni rahisi kumlaumu yule mtumishi. Lakini arseniki haina harufu, na kwa macho haitofautiani na jasi. Sheria ya mwaka 1851 ilikuwa imeamuru kwamba arseniki inayouzwa kidogo kidogo itiwe masizi au nili, isifanane na unga wa chakula. Ile ya darini ilikuwa nyeupe bado. Mtumishi alitumwa achague kwa macho kitu ambacho macho hayawezi kukichagua.

Mwaka 1868 ikatoka sheria nyingine: kila chombo cha sumu inayouzwa kiandikwe jina la kitu chenyewe, neno "Sumu", na jina la muuzaji pamoja na mahali alipo. Tena wauza dawa walitumia chupa za rangi ya buluu au kijani, zenye pembe sita au zenye mistari iliyoinuka ubavuni. Mtu aliyeamka usiku, mshumaa wake umezimika, aliweza kuitambua sumu kwa vidole vyake kabla hajaifungua. Werevu wa namna hii ni mkubwa kuliko maonyo mengi.

Hata sasa kazi haijaisha, kwa maana majina nayo hufanana. Iko dawa iitwayo hydralazine, ya kushusha msukumo wa damu, na nyingine iitwayo hydroxyzine, ya kutuliza mwasho. Mwuguzi mwenye haraka huona mwanzo na mwisho wa neno, asione katikati. Kwa hiyo tangu mwaka 2001 wakuu wa dawa wa Marekani wamewahimiza watengenezaji kuandika hydrALAZINE na hydrOXYzine, ili jicho likwame pale penye tofauti.

Majumbani nako iko hatari. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi wametia mafuta ya taa katika chupa ya soda, na watoto wenye kiu wameyanywa. Mtoto mdogo hasomi maandishi. Huijua chupa kwa umbo lake. Kwa ajili ya watoto kama hao Marekani ilitoa sheria mwaka 1970, na dawa nyingi zikawekwa katika vyombo ambavyo kifuniko chake mara nyingi hakifunguki mpaka kishindiliwe na kuzungushwa pamoja. Kifuniko hicho humchelewesha mtoto tu, hakimzuii kabisa. Wazee wenye vidole vilivyokakamaa hukishindwa pia, nao huruhusiwa kuomba dukani kifuniko cha kawaida.