Mla Embe Hujulikana kwa Meno Yake

Mwenye mwembe mmoja uani hulalamika kuliko mwenye shamba la miembe mia, wala hana lawama, kwa kuwa hasara inayogawanyika katika miti mia haionekani sana, bali ile inayomwangukia mtu wa mti mmoja yaweza kumaliza matunda yake yote katika usiku mmoja, akaamka asubuhi asione chini ya mti ila makokwa na makapi. Hapo ndipo ghadhabu inapompeleka dukani kutafuta sumu, au kutega nyaya, au kumpa kijana teo akae akivizia. Na aghalabu adhabu humfika asiyehusika, maana hakuna aliyeuliza kwanza ni nani aliyekula.

Ushahidi umelala pale pale chini ya mti, na kuusoma hakuhitaji elimu kubwa. Popo wa matunda halimezi embe lote kama sisi. Huikandamiza nyama yake kwa ulimi juu ya kaakaa, akafyonza maji, kisha akatema nyuzi zilizokamuliwa, kwa hiyo utaokota vipande bapa vya makapi vimetapakaa hata mbali na mwembe wenyewe, kwani mara nyingi hulibeba tunda akaenda kulila kwenye mti mwingine. Kima huuma mara moja au mbili, akalitupa, akachuma jingine. Ukikuta maembe mengi yameanguka mchana, kila moja lina alama ya meno upande mmoja tu, basi mtuhumu yeye. Panya hutoboa kidaka cha nazi karibu na kikonyo. Komba hutembea usiku, na kabla hujauona uharibifu wake utakuwa umekwisha kusikia mlio wake, ule unaofanana na kilio cha mtoto mchanga.

Kwenye miche, tazama ncha ya kijiti kilichokatwa. Sungura na panya wana meno makali juu na chini, nao hukata mshazari, mkato safi usio na uzi. Paa hana meno ya mbele katika taya la juu, kama vile mbuzi asivyokuwa nayo, hivyo hushika, akavuta, akachana, na kijiti kikabaki na nyuzi zinazoning'inia. Wenzetu wa Marekani na Ulaya, ambao adui wao mkubwa wa bustani ni ayala, huisoma alama hiyo hiyo. Ila ayala ni mrefu tena hodari wa kuruka, hata ua wa kumzuia sharti ufike kiasi cha mita 2.4. Paa wetu wa pwani ni wadogo, kimo chao hakipiti goti la mtu mzima, na njia yao ni kupenya chini.

Kisa kinachoonyesha vyema hatari ya kuhukumu bila ushahidi ni kile cha kima punju wa Unguja, mnyama asiyepatikana popote duniani ila katika visiwa vya Zanzibar, na ambaye makazi yake makuu ni Jozani, msitu ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Tumbo la kima huyu limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi; tunda bivu lenye sukari nyingi halimfai, na kwa hiyo embe lililoiva likiliwa, yeye si wa kushukiwa wa kwanza. Fauka ya hayo, majani ya mwembe na ya mkungu anayoyapenda yana dawa zinazolisumbua tumbo lake, naye amejifunza tadbiri ya ajabu: huokota makaa kwenye matanuri na majikoni, akayatafuna, nayo yakazifyonza zile dawa zisimdhuru, na mtoto huyajua hayo kwa kumtazama mamaye.

Sasa wakulima wa kandokando ya Jozani walikuwa wakimlaumu kwamba anamaliza nazi, na kwa hakika alikuwa akionekana kila siku juu ya minazi akila vidaka. Katika miaka ya 1990 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walikaa wakahesabu, mnazi kwa mnazi, vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa, wakaona jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: mahali kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalielekea kuwa mengi zaidi. Sababu iliyodhaniwa ni kwamba mnazi huzaa vidaka kupita uwezo wake wa kuvilea, na vingi huanguka vyenyewe. Kima huvipunguza mapema, na vile vinavyosalia hupata nguvu. Simaanishi kwamba mkulima aliota hasara yake. Maembe mabichi na ndizi changa zilizoliwa ni hasara ya kweli, na ndiyo maana ni insafu kwamba sehemu ya fedha za watalii wa Jozani hurudi vijijini. Ila kwa habari ya nazi, mtuhumiwa hakuwa na hatia.

Akishajulikana mla matunda, kinga hufuata njia anayojia. Kwa anayetembea chini, ua hutosha, nao si lazima uwe mrefu, bali sharti ukae chini kabisa, pasiwe na uwazi wa kupenyezea kichwa. Ua wa mbono kaburi una faida kwamba wanyama hawauli. Mnyaa nao hufaa, ila utomvu wake ni hatari machoni, basi usiupande wanapocheza watoto. Mche mmoja mmoja waweza kuzungushiwa wavu wa chuma wenye kimo cha nusu mita na zaidi, uliochimbiwa kidogo ardhini na kuachwa mbali na shina. Hili ni muhimu kwa sababu gome likitafunwa likazunguka shina lote, mti hufa, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kwa njia ya gome. Wengine hupaka samadi mbichi iliyokorogwa na maji, au mayai viza, na harufu yake huwakimbiza paa na mbuzi kweli, lakini mvua ikinyesha huna budi kupaka upya. Nyaya za kutega ziache kabisa: huko Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya ndiko kunakosalia paa nunga, ambaye kwingineko hayupo.

Kwa wanaopanda, wenye minazi wamejua dawa tangu zamani, nayo ni bati laini lililovishwa shina juu ya kimo cha mtu, ambalo kucha za panya haziwezi kulishika. Lakini bati ni kazi bure iwapo makuti ya mnazi huu yanagusa ya mnazi ule, au tawi la mwembe limelala juu ya paa la nyumba. Mpandaji hupita juu kwa juu. Basi kata kwanza, ndipo uvishe bati. Kwa komba na kima wenyewe kinga hii ni dhaifu zaidi, maana mruko wa mita mbili si taabu kwao, na dawa ya kima wa mchana imekuwa siku zote ni mtu. Ndiyo sababu wazee walijenga madungu mashambani, wakawaweka vijana kuamia ndege na kufukuza kima kwa teo na debe. Leo vijana wako shuleni, na ni vyema. Sanamu la matambara lililowekwa badala yao kima hulizoea kwa siku chache, kisha hulikalia.

Kwa arukaye, hila iliyo bora haihitaji fedha: vuna mapema. Popo hupenda tunda lililoiva, na embe halihitaji kuivia mtini. Likiisha kukomaa, mabega yake yakajaa pande zote za kikonyo, lichume kwa kuliachia kijiti kifupi ili utomvu usiliunguze ganda, kisha livundike ndani, na siku chache baadaye utakula embe zima. Fenesi, stafeli na ndizi hukubali mambo hayo. Chungwa, shokishoki na lichi hayakubali, kwani hayaivi baada ya kuchumwa. Haya yafunike vichala kwa mifuko ya karatasi au ya kitambaa, au uutandike mti wavu wenye matundu madogo ambayo kidole hakipenyi. Wavu wa matundu makubwa humnasa popo na ndege hata wakafa, na katika jimbo la Victoria huko Australia sheria imekataza tangu mwaka 2021 wavu wa bustani ya nyumbani wenye matundu yanayozidi milimita 5.

Kuwaua popo hakusaidii. Mwaka 2015 serikali ya Morisi, kwa kilio cha wenye milichi na miembe, iliamuru popo wa kisiwa wauawe, wakafa zaidi ya 30,000 katika msimu wa kwanza. Mavuno ya miaka iliyofuata hayakuongezeka, na mwaka 2018 popo huyo akaandikwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Pemba ilikwenda njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wake mkubwa alikuwa amekaribia kwisha kwa kuwindwa na kwa misitu kukatwa. Watu wa Kidike na vijiji vingine walipomlinda, akarudi kwa maelfu. Wapemba wanaendelea kula maembe, na mbegu anazoziangusha popo zinaendelea kuota.

Lililobaki ni sumu, na juu yake sina maneno mengi: panya aliyekula sumu huliwa na paka au na bundi, ambao ndio waliokuwa wakikulindia matunda bila ujira, na chambo kilichotegwa chini ya mpera kinaweza kuokotwa na kuku au na mtoto. Msimu haujaanza bado, msomaji. Shika panga leo, ukakate lile tawi linalogusa paa.