Miguu Mitupu ya Bangalore

Mama ambaye mwanawe hana njumu za kuchezea kandanda asione unyonge. Tumsimulie habari za Bangalore, kusini mwa India. Mwaka 1809 Waingereza waliweka kambi ya jeshi huko. Baadaye askari walileta kandanda, na vijana wenyeji wakaupokea mchezo huo. Kombe la Rovers, lililoanzishwa Bombay mwaka 1891, lilishikwa na vikosi vya Uingereza hadi 1937, lilipotwaliwa na Bangalore Muslims, timu ya kwanza ya Wahindi kulishinda. Mwaka 1948 Ahmed Khan, mwana wa mji huo, alicheza Olimpiki ya London miguu mitupu. India ikashindwa na Ufaransa 2-1, kwa bao moja tu. Njumu ni neema, lakini kuzikosa si kukosa kipaji. Tuwalee wanetu kwa juhudi na adabu.