Chakula cha Haraka Kimo Nyumbani Mwako

Ingia katika duka lolote la kijijini kwako. Tazama rafu. Utaona biskuti za paketi, soda, juisi za unga, tambi za kuchemsha dakika chache na siagi ya kopo. Vitu hivi vinapendwa kwa sababu moja kubwa. Havichukui muda kuviandaa.

Vingi hufika kwetu kwa kupitia Makambako. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo. Reli ya TAZARA inapita hapo. Barabara ya kwenda Njombe na Songea inaanzia hapo. Lakini kwa njia hizo hizo, chakula kingi hutoka kwetu. Viazi vinatoka. Mahindi yanatoka. Maharage na maparachichi yanatoka.

Basi jiulize. Mkoa wenye chakula kingi hivi, watoto wake wana hali gani?

Watoto watano katika kila kumi

Mwaka 2022 Serikali ilifanya uchunguzi wa afya nchi nzima. Watoto walio chini ya miaka 5 walipimwa urefu. Katika Mkoa wa Njombe, watoto 5 katika kila 10 walikutwa wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 3 katika kila 10.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Lakini ufupi si jambo pekee. Akili yake pia inaweza kuchelewa kukua. Shuleni anapata taabu. Akiwa mkubwa, nguvu zake za kazi huwa pungufu. Udumavu huanza mimba ikiwa tumboni. Huendelea mpaka mtoto afikishe miaka 2. Baada ya hapo ni vigumu sana kuurekebisha.

Je, sababu ni njaa? Mara nyingi ghala lina mahindi. Magonjwa ya mara kwa mara yanachangia. Lakini sababu nyingine kubwa ni muda. Mama anakwenda shambani saa 1 asubuhi. Anarudi mchana amebeba kuni. Mtoto ameachiwa uji mwepesi wa mahindi matupu. Akilia, anapewa biskuti. Biskuti na soda hushibisha tumbo kwa muda mfupi. Haviujengi mwili. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai.

Hatuwezi kuongeza saa katika siku. Lakini tunaweza kufanya kazi ya chakula mapema. Soma njia hizi nne. Zote zinatumia vitu vilivyopo nyumbani. Hata mtu anayeanza kujifunza kupika anaweza kuzifuata.

1. Kapu linalopika peke yake

Maharage yanakula kuni nyingi na muda mwingi. Tengeneza kapu la kupikia. Fanya hivi:

Chukua tenga kubwa. Tandika gunia safi ndani yake. Jaza maranda makavu ya mbao au nyasi kavu. Maranda ni mengi kwetu kwa sababu ya kazi ya mbao. Katikati acha shimo linalotosha sufuria yako. Pande zote na chini, maranda yawe na unene wa shubiri moja. Kisha shona mto wa kitambaa. Ujaze maranda pia. Mto huo ndio kifuniko.

Usiku, loweka maharage. Asubuhi, mwaga maji yale. Weka maji mapya na uchemshe kwa nguvu dakika 30. Usipunguze muda huo. Maharage yasiyochemka vizuri yanaweza kuumiza tumbo. Yakiwa bado yanachemka, funika sufuria. Iweke ndani ya kapu upesi. Funika kwa mto. Nenda shambani.

Kapu halina moto. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke, kama blanketi linavyofanya usiku wa baridi. Ukirudi saa 7 mchana, maharage yamelainika au yamebakiza kidogo. Yachemshe tena kabla ya kula. Yakiwa ya zamani na magumu, yaongezee muda motoni. Usiache chakula ndani ya kapu kutoka asubuhi mpaka usiku. Kikishapoa, kitaharibika.

Viazi pia vinaiva humo. Vichemshe dakika 10, kisha viache ndani ya kapu kwa saa 1.

2. Kimea cha uji wa mtoto

Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi unalijaza maji. Uji mzito una chakula zaidi, lakini mtoto mdogo anashindwa kuumeza. Dawa yake ni kimea.

Wapika komoni wanakijua kimea. Lakini kimea hakina kazi ya pombe tu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa mwaka 1973. Miaka ya 1980 wataalamu wake walichunguza unga wa kimea kwa ajili ya uji wa watoto. Uji huo ulijaribiwa pia katika kijiji cha Luganga, Iringa. Wakati huo Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Kimea unakitengeneza hivi. Osha ulezi. Uloweke usiku mmoja. Mwaga maji. Utandaze juu ya kitambaa safi na uufunike. Unyunyizie maji kidogo kila siku. Baada ya siku 2 au 3 utachipua. Uanike juani mpaka ukauke kabisa. Kisha usage. Ukiona ukungu, mwaga wote. Hifadhi unga huo katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Sasa pika uji mzito wa mahindi. Uepue. Uache upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia. Tia kijiko 1 cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache uji mzito utakuwa mwepesi, bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke dakika 5. Upoze. Mpe mtoto kwa kikombe na kijiko. Anakunywa uji mwepesi, lakini ndani yake mna unga mwingi.

Uji huu ni kwa mtoto aliyefikisha miezi 6. Kabla ya hapo, maziwa ya mama yanamtosha. Baada ya hapo aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Ongeza maziwa, au karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini. Twanga karanga za siku chache tu. Watu wengine huchanganya mahindi, mchele, soya, karanga na maharage, kisha husaga vyote pamoja. Huo si mpango mzuri. Maharage na soya vinahitaji kuiva muda mrefu kuliko uji. Karanga zina mafuta, na unga wake huharibika upesi. Ni bora unga uwe wa aina moja. Vyakula vingine uviongeze wakati wa kupika au kula.

Chagua mahindi na karanga safi. Zenye ukungu zitupe. Ukungu huleta sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

3. Mtindi badala ya soda

Kwetu kuna ng'ombe wengi wa maziwa. Kuna pia baridi, na baridi huchelewesha maziwa kuganda. Hapa lile kapu litakusaidia tena.

Chemsha lita 1 ya maziwa. Usiruke hatua hii. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na ugonjwa wa brusela. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tia vijiko 2 vikubwa vya mtindi mzuri wa jana. Koroga na ufunike. Weka chombo ndani ya kapu usiku kucha. Asubuhi utakuta mtindi tayari. Acha vijiko 2 kwa ajili ya kesho.

Mtoto wa shule akinywa kikombe kimoja cha mtindi na kula kiazi cha kuchemsha, amepata kifungua kinywa kizuri. Hakuna kupika asubuhi. Viazi vilichemshwa jana jioni pamoja na chakula cha usiku.

4. Parachichi badala ya siagi ya kopo

Maparachichi ya Njombe yanasafirishwa mpaka nchi za nje. Wanunuzi huchagua makubwa na yasiyo na mikwaruzo. Yanayobaki si mabovu. Ni madogo tu, au yana alama kwenye ganda. Usiyaache yote yaozee chini ya mti.

Ponda parachichi bivu kwa uma. Tia chumvi kidogo na matone ya limau. Limau hulizuia lisiwe jeusi upesi. Paka juu ya chapati, mkate au kiazi. Kazi hii haifiki dakika 5. Parachichi lina mafuta mazuri, na mafuta yanampa mtoto nguvu. Mtoto wa miezi 6 anaweza kupondewa parachichi tupu, bila chumvi wala sukari.

Vipi vya kuendelea kununua?

Hatusemi kwamba kila kitu cha dukani ni kibaya. Endelea kununua chumvi yenye madini joto. Chumvi hiyo inazuia ugonjwa wa tezi la shingo. Lakini itumie kwa kiasi. Mtu mzima asizidishe kijiko 1 cha chai kwa siku, pamoja na chumvi iliyomo katika viungo vya paketi. Viungo hivyo vina chumvi nyingi. Mchuzi unaweza kupata ladha kwa kitunguu, karoti, nyanya na kitunguu saumu vya bustani yako.

Kazi hii si ya mama peke yake

Wahenga walisema: Akiba haiozi. Sisi tunaongeza: Chakula huoza, lakini kazi iliyofanywa mapema haiozi. Usiku mmoja unaweza kuloweka maharage, kuchemsha viazi na kugandisha maziwa. Ukiwa peke yako ni kazi nyingi. Mkiwa wawili ni kazi ya muda mfupi.

Baba, wewe unaweza kusuka tenga na kuleta maranda. Unaweza pia kumpa mtoto uji. Kijana unayeanza kujipikia, anza na kapu. Mama mjamzito, nawe unahitaji chakula hiki. Kula mtindi, maharage na mboga, kwa sababu mtoto anaanza kujengwa ukiwa bado na mimba.

Usijaribu mambo yote kwa siku moja. Juma hili tengeneza kapu. Juma lijalo chipua ulezi. Siku ya kupima watoto kliniki, tazama kadi ya mtoto wako. Mwombe mhudumu akupimie urefu wake pia, siyo uzito peke yake. Kadi hiyo itakuonyesha kama mtoto wako anakua inavyotakiwa.