Mamba wa Gotthard na kona za mezani

Njia ya reli ya Gotthard, inayovuka Milima ya Alps nchini Uswisi, hupanda kwa mwinuko unaokaribia mita 27 katika kila kilomita moja. Palipokosekana nafasi ya kupanda moja kwa moja, wahandisi waliizungusha reli ndani ya mwamba, treni ikawa inaingia handakini chini na kutokea juu zaidi. Katika kijiji cha Wassen abiria wanaopanda huliona kanisa lilelile mara tatu: kwanza likiwa juu yao, kisha usawa wa macho, mwishowe bondeni. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1882, pamoja na handaki kuu la kilomita 15, na kwa karibu miaka 40 kazi ya kuvuta mizigo ilifanywa na injini za mvuke.

Mvuke ulidai makaa ya mawe, na makaa hayo yalitoka nje ya nchi. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka, makaa yakaadimika na bei ikapaa. Uswisi haina migodi ya kutegemea, ila ina maporomoko ya maji kila upande, basi shirika la reli la nchi hiyo likaharakisha mpango wa kuziendesha treni za Gotthard kwa umeme. Hapo ndipo alipozaliwa Mamba.

Jina lake rasmi ni Ce 6/8 II: ekseli nane, sita kati yake zikisukumwa na mota. Watu walimwita Krokodil, yaani mamba, na anayemtazama kwa ubavu haulizi kwa nini. Ana pua ndefu mbele na nyingine nyuma, zote za kijani kibichi, na katikati kuna mwili mrefu wenye vyumba vya dereva na transfoma. Jumla ana urefu wa mita 19.4 na uzito wa takriban tani 128. Viwanda vya SLM mjini Winterthur na MFO cha Oerlikon viliunda 33 wa aina hiyo kati ya 1919 na 1922, kisha wengine 18 wa toleo lililoboreshwa mnamo 1926 na 1927.

Mota za wakati ule zilikuwa kubwa mno kuwekwa katikati ya magurudumu. Zikapandishwa ndani ya pua, mbili kila upande, na nguvu zake zikashushwa kwa gia na vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu, kama ilivyokuwa kwenye injini za mvuke. Kwa hiyo Mamba, ingawa ni wa umeme, hutembea akirusha mikono ya chuma kila mzunguko wa gurudumu. Akishuka mlima, mota hizo hugeuka jenereta: humshika asiteleze, na umeme unaozalishwa hurudi kwenye waya wa juu. Teknolojia hiyo, ambayo leo husifiwa kwenye magari mapya, yeye alikuwa nayo miaka mia moja iliyopita.

Lakini lililomfanya afae Gotthard kuliko yote ni kwamba anapinda. Pua zake mbili zimesimama juu ya magurudumu yake yenyewe, na mwili wa katikati umeegemea juu yake bila kuwa na gurudumu hata moja. Kila pua hugeuka kivyake. Mashine ya urefu ule yenye fremu moja iliyonyooka ingeng'ang'ana na kona za mlimani, ikisaga reli na magurudumu yake.

Sifa hiyohiyo ndiyo iliyompeleka mezani.

Mwaka 1859, katika mji wa Göppingen kusini mwa Ujerumani, fundi wa mabati Theodor Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya nyumba za wanasesere. Mwaka 1891 kampuni yake ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni ya kujazwa kwa ufunguo, ikiwa na reli zenye vipimo maalumu ili mnunuzi aweze kurudi dukani mwaka unaofuata na kuongeza vipande vinavyoingiliana. Lilikuwa wazo la biashara lenye akili sana, na treni za watoto hazikurudi tena nyuma. Mwaka 1935 ikatoa treni ya umeme inayopita juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5, ndogo kiasi cha kutosha meza ya sebuleni. Mwaka 1947, Ujerumani ikiwa bado magofu, kiwanda kikamtoa Mamba wa ukubwa huo. Matoleo mapya yamekuwa yakifuata tangu hapo, na lile la kwanza sasa husakwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi.

Ukubwa huo leo huitwa H0, na ndio unaopendwa kuliko yote duniani. Kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa milimita 1,435. Ukigawa kwa 87 unapata zile 16.5. Reli za SGR za Kenya na Tanzania nazo zina upana huohuo wa 1,435, hivyo mtu akiamua kuziunda treni zake kwa kipimo hiki atazipitisha juu ya reli hizohizo. Reli ya zamani ya mita moja, ambayo wengi huijua kwa jina la MGR, ingehitaji nyembamba zaidi, ya milimita 12. Waingereza walikwama njiani. Treni zao ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na mota za zamani hazikuingia ndani ya mifano ya treni hizo. Wakaamua injini zipunguzwe mara 76 tu huku reli ikibaki ileile ya 16.5, na mpaka leo treni ya mfano ya Kiingereza hupita juu ya reli ambayo, kwa hesabu kamili, ni nyembamba kuliko inavyostahili.

Mamba wa kipimo cha H0 ana urefu wa sentimita 22 hivi. Sasa tazama kona. Kona kali za Gotthard zina nusu kipenyo cha takriban mita 300. Punguza mara 87 na utabaki na karibu mita tatu na nusu, maana yake treni igeuke katika duara la upana wa mita saba. Ni sebule ngapi zenye nafasi hiyo? Kona ya kawaida ya Märklin ina nusu kipenyo cha sentimita 36. Irudishe kwenye ukubwa halisi, inakuwa mita 31: kona ambayo treni ya Gotthard isingethubutu kuingia. Treni ya mezani basi huishi katika dunia yenye kona kali mara kumi kuliko ile inayoiga. Injini ndefu isiyopinda hupata taabu humo. Mamba hugeuza pua moja, kisha nyingine, na hupita.

Mabehewa hayakujaliwa hivyo. Behewa la abiria la Ulaya lina urefu wa mita 26.4, na kwa kipimo sahihi lingekuwa na zaidi ya sentimita 30. Kwenye kona ya sentimita 36 lingening'inia nje ya reli na kuligonga jirani yake. Kwa miaka mingi viwanda vililifupisha: upana na kimo vikipunguzwa mara 87, lakini urefu mara 100. Jicho la mgeni halioni tofauti. Shabiki huiona mara moja, na wapo wanaogoma kununua.

Hata gurudumu lina siri yake. Treni halisi hushikiliwa relini na ukingo wa gurudumu wenye kimo cha sentimita tatu hivi. Ukipunguzwa kwa uaminifu, ungebaki theluthi ya milimita, na chembe ya vumbi ingetosha kuiangusha treni. Kwa hiyo mifano mingi hupewa ukingo unaozidi milimita moja. Uzito nao haupungui kwa namna inayotarajiwa, kwa sababu hugawanywa kwa 87 mara tatu: kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Tani 128 za Mamba huwa takriban gramu 194. Injini nyepesi hivyo huteleza ikipewa mzigo, ndiyo maana mafundi huiongezea chuma na kuvisha baadhi ya magurudumu mipira myembamba. Kasi ndiyo rahisi: kilomita 65 kwa saa, ambayo ndiyo iliyokuwa kasi yake ya juu alipoanza kazi, inakuwa sentimita 21 kwa sekunde. Watoto wengi huikimbiza zaidi ya hapo.

Upande wa mashariki mwa Afrika palikuwa na jamaa wa Mamba, mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1907 mhandisi Mwingereza Herbert Garratt alisajili ubunifu wa injini ya mvuke yenye seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, huku boila ikibebwa katikati kwenye fremu inayopinda ncha zote mbili. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliunda injini za Garratt kwa nchi nyingi, na kati ya 1955 na 1956 ikaleta Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59. Zilipewa majina ya milima ya kanda hii, kuanzia Mount Kenya. Hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuzizidi kwa ukubwa na nguvu kwenye reli ya mita moja popote duniani.

Kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa takriban tani 250, ikachoma mafuta mazito badala ya makaa. Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na magurudumu, boila iliweza kunenepa hadi kipenyo cha mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyoibeba. Kazi yake kuu ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, yaani kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Kufikia 1980 zilikuwa zimestaafu. Mamba wa mwisho wa Uswisi nao waliondolewa kazini katika miaka ya 1980.

Kwa H0 injini hiyo ingekuwa na sentimita 36 na nusu juu ya reli ya milimita 12: karibu sawa na nusu kipenyo cha ile kona ya Märklin. Isingekuwa na nafasi ya kupita kama isingepinda sehemu mbili, kama Mamba. Anayetaka kuiunda hana haja ya kwenda Manchester kutafuta vipimo. Injini namba 5918, Mount Gelai, ipo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, pamoja na 5930, Mount Shengena. Hiyo ya kwanza iliwahi hata kukarabatiwa na kutembea tena mwaka 2001. Sehemu ya kwanza ya kupima ni pale tangi la maji la mbele linapokutana na fremu ya boila. Upo mwanya kati yake, na chini yake ndipo lilipo egemeo ambalo sehemu ya mbele ya injini huzungukia.